Lita 20 au lita 60?

Najua nimewatupa, lakini si kwa kupenda. Nilitoka TP, nikakutana na majaribio matatu wiki moja, halafu bumu likachelewa. Leo sina siasa wala mapenzi. Leo ni habari ya samaki.

Msicheke. Wanaonifahamu wanakumbuka mkasa wa mwaka wa kwanza, nilipotoka nyumbani Tanga na ndoo yenye visamaki viwili vya baharini, eti nivifuge hapa Dodoma. Basi lilipofika Morogoro vyote vilikuwa vinaelea tumbo juu. Joto, hewa kuisha, na uchafu wao wenyewe ndani ya yale maji machache. Nilivimwaga nyuma ya stendi, nikalia kimyakimya.

Sasa kwenye TP nafundisha osmosisi kidato cha pili, binti mmoja akauliza samaki wa baharini akitiwa bwawani anakufa kwa nini. Nikamweleza kwamba maji yanaingia mwilini mwake kuliko anavyoweza kuyatoa. Akauliza tena, "Mwalimu, wewe umewahi kumwona akiwa hai?" Nikasema ndiyo. Nilichoficha ni jinsi nilivyomuua. Swali lile limenikaa moyoni mpaka leo, ndiyo maana nataka tangi la maji ya chumvi, dogo, la kuanzia, ambalo siku moja wanafunzi wangu watalitazama.

Rumeti wangu alitoa sharti moja tu: "Hilo dude likilia usiku, linalala nje na wewe!" Haki yake, geto letu ni chumba kimoja. Nikaanza kusoma, nikakuta kuna matangi ya kila kitu ndani. Yaani kichujio na pampu vimefichwa kwenye vyumba vidogo nyuma ya kioo, na taa imekuja nayo. Mfano ni Fluval Evo ya lita 52 na Red Sea Max Nano ya lita 75. Hakuna mipira inayoning'inia, na pampu imezama majini kwa hiyo haivumi kama zile za kupuliza hewa zinazotetemeka juu ya meza.

Bahati nzuri, kuna dada anahama mji na anauza mawili yaliyotumika. Moja la lita 20, zuri ile mbaya, linakaa pembeni ya kitabu. Jingine la lita 60, bei yake karibu imeze bumu lote. Moyo ukasema chukua dogo, wewe ni mgeni wa mambo haya, anza na kidogo.

Nikachukua kalamu. Maji ya bahari yana chumvi kama gramu 35 kwa lita. Maji yanapokauka, chumvi inabaki. Lita 20 zikipungua lita moja, chumvi inapanda mpaka karibu gramu 36.8. Lita 60 zikipungua lita hiyohiyo moja, inafika 35.6 tu. Na Dodoma mnaijua kwa ukavu wake! Tangi dogo ndilo linalotaka fundi, kwa sababu halikupi muda wa kusahihisha kosa. Ndoo yangu ya Morogoro ilikuwa tangi dogo kuliko yote.

Nikachukua la lita 60, kwa kulipa mara tatu. Nimelikalisha juu ya matofali, maana maji peke yake ni zaidi ya kilo 61, na meza zetu mnazijua.

Kwa atakayetaka kuiga: usitumie chumvi ya jikoni. Hiyo karibu yote ni sodiamu kloraidi, wakati bahari ina magnesiamu, kalsiamu, potasiamu na vingine. Inanunuliwa chumvi maalumu ya matangi, inakorogwa kwenye maji yaliyochujwa. Yakikauka, ongeza maji matamu peke yake, bila chumvi. Na umeme ukikatika, uwe na kipuliza hewa cha betri.

Usiku wa tano kelele zikaanza. Gloo, gloo, gloo! Rumeti akageuka kitandani, nikajua leo nahamishwa. Kumbe maji yalikuwa yamepungua kwenye chumba cha nyuma, pampu inavuta hewa. Nikamimina lita mbili, kimya. Tangu siku hiyo nimeelewa kwamba tangi likipiga kelele linaomba maji. Siku hizi rumeti ndiye ananiamsha: "We mwalimu, bahari yako ina kiu."

Leo ni siku ya 19 na ndani hamna samaki hata mmoja. Kuna mawe, mchanga na maji yanazunguka. Nangoja bakteria waongezeke wa kugeuza amonia kuwa naitraiti, kisha naitreti. Kazi hiyo huchukua wiki nne mpaka sita, wakati mwingine zaidi. Napima kila jioni. Jana amonia ilikuwa imeshuka lakini haijafika sifuri. Wapita njia wanauliza kwa nini nafuga maji.

Nafuga subira, ndugu zangu. Safari hii hakuna atakayefia mikononi mwangu kwa sababu ya haraka. Siku amonia na naitraiti zikisoma sifuri, nitawaita mje. Njooni na viti, geto lina kimoja tu.