Mzigo Unakaa Wapi?

Amersfoort, Uholanzi

Mjomba,

Uliniuliza kwenye simu kwa nini watu wenye baiskeli za umeme, tena katika nchi yenye njia za baiskeli kila upande, huzifunga nyuma ya gari na kuzipeleka mbali. Nimeona nikujibu kwa barua, kwa sababu tangu majira ya baridi tumekuwa tukitafuta keria ya kubebea baiskeli zetu mbili, na kila nilichojifunza kilinikumbusha wewe na lori lako la Dar hadi Tunduma.

Sababu kubwa ni goti la mkweo. Tangu alipofanyiwa upasuaji, baiskeli ya kawaida ilimshinda. Ya umeme imemrudisha barabarani. Bado anakanyaga pedali mwenyewe, ila mota inamsaidia hadi mwendo wa kilomita 25 kwa saa, kisha inamwacha aendelee kwa nguvu zake. Hiyo ndiyo sheria ya Ulaya. Takriban nusu ya baiskeli mpya zinazouzwa Uholanzi siku hizi ni za aina hiyo, wala si wazee peke yao wanaozinunua. Sasa amepata hamu ya vilima, na vilima viko Limburg ya kusini, karibu kilomita 200 kutoka kwetu. Pale Vaals, mpakani na Ujerumani na Ubelgiji, kuna kilima cha mita 322. Kwa mtu wa Lushoto kama wewe hicho si kitu, lakini kwa goti lililoshonwa ni mlima kamili, na mimi nataka aupande.

Treni inapokea baiskeli, ukiikatia tiketi yake, isipokuwa saa za msongamano asubuhi na jioni. Ila umwambie mtu wa goti apandishe kilo 27 kwenye mlango wa behewa huku wenzake wanamsubiri nyuma! Tukarudi kwenye gari.

Na hapa ndipo penye habari yenyewe, Mjomba. Watu wengi wakiingia dukani huuliza maswali mawili: inabeba baiskeli ngapi, na bei gani. Muuzaji anajibu: mbili, na bei ni kuanzia euro 400 hadi zaidi ya 800. Wanalipa, wanaondoka. Swali ambalo wewe ungeuliza kabla ya yote halitajwi: huo uzito unakaa juu ya nini?

Kuna keria za aina tatu. Ya kwanza hukaa juu ya paa. Nyingi za aina hiyo huruhusu kama kilo 20 kwa kila baiskeli, na hata ingeruhusu zaidi, nani ainue kilo 27 juu ya kichwa chake? Ya pili hufungwa kwa mikanda na ndoano kwenye mlango wa buti. Hiyo ni nafuu, na kwa baiskeli nyepesi inatosha, lakini nyingi huishia kilo 15 hivi kwa kila baiskeli, na uzito wote unabebwa na bati jembamba na bawaba za mlango. Kwa baiskeli za umeme sizipendekezi kabisa. Ya tatu hukaa juu ya kile chuma cha kuvutia tela, chenye kichwa cha mviringo cha milimita 50, ambacho magari mengi ya huku yanacho. Sheria inataka kichwa hicho kiwe kati ya sentimita 35 na 42 kutoka ardhini, kwa hiyo baiskeli inapanda kiasi cha goti tu. Hiyo ndiyo tuliyoichagua.

Lakini chuma hicho nacho kina mpaka wake. Pembeni yake kuna kibao kidogo, aghalabu kimejaa tope, chenye herufi S na namba ya kilo. Hiyo namba ndiyo uzito unaoruhusiwa kukandamiza kichwa cha chuma kwenda chini. Gari linaweza kuvuta tela la kilo 1,500 bila shida na bado likawa na S ya 75 tu. Unakumbuka mlivyokuwa mkipita mizani ya Mikese na Makambako? Lori linaweza kuwa halijavuka uzito wake wote, lakini ekseli moja ikizidi, mnaegesha pembeni mnapanga mzigo upya. Hapa ni vilevile, ila hakuna mizani barabarani ya kukuzuia. Unajipima mwenyewe, au hupimwi kabisa.

Basi tukafanya hesabu. Chuma chetu kinaruhusu kilo 75. Keria yenyewe ina kilo 18, na hiyo nayo ni mzigo, jambo ambalo wengi hulisahau. Zinabaki 57. Baiskeli yake ina kilo 27 na yangu 25, jumla 52. Tunapita, kwa tofauti ya kilo tano. Keria nayo imeandikwa kilo 60 kwa jumla na 30 kwa kila baiskeli, kwa hiyo hapo pia tuko ndani. Kila mara namba ndogo ndiyo inayotawala: ya chuma, ya keria, au ile iliyo kwenye kitabu cha gari. Jirani yetu ana gari dogo lenye S ya 50. Kwa keria kama yetu angebaki na kilo 32, yaani baiskeli moja. Na wanaotaka kubeba tatu za umeme wapige hesabu kwa makini sana, kwa sababu tatu za kilo 25, ukijumlisha keria kubwa zaidi, zinapita 90, na magari mengi ya familia hayafiki huko. Baadhi ya magari ya umeme, hata mapya na ya bei kubwa, hayana ruhusa ya kuvuta chochote wala kubeba keria nyuma.

Betri tunazitoa. Kila moja ina kilo tatu hivi, na safarini ziko salama zaidi ndani ya gari kuliko nje kwenye mvua, ilimradi zisiachwe juani kwenye gari lililofungwa. Lakini kuna kikwazo ambacho hakuna muuzaji aliyenieleza. Keria nyingi huuzwa na reli ya kupandishia, ili usukume baiskeli badala ya kuiinua, na baiskeli yenyewe ina kitufe cha kuisaidia itembee pole pole ukiwa unaisukuma. Kitufe hicho hakifanyi kazi bila betri. Kwa hiyo unapandisha na betri, kisha unaitoa betri wakati baiskeli imesimama juu, na kwenye baadhi ya fremu betri hutokea upande wa chini ambako mkono haufiki vizuri. Nawasihi wote wanaoniuliza: peleka baiskeli yako dukani, ipandishe mwenyewe, itoe betri mwenyewe, ndipo utoe pesa.

Ukiwa hapo angalia na fremu. Baiskeli nyingi za huku zina fremu iliyoshuka chini katikati, ili mtu avuke mguu kwa urahisi, na bomba lake ni nene kwa sababu betri imo ndani. Mkono wa keria uliotengenezwa kushika bomba jembamba la juu hauna pa kushika. Tairi pana nazo huhitaji reli pana na mikanda mirefu.

Kupanga mzigo hakuhitaji nikufundishe: nzito inakaa karibu na gari, nyepesi nje, usukani wa moja upande huu na wa nyingine upande ule. Mzigo ulio nyuma ya ekseli ya nyuma huinua pua ya gari, na magurudumu ya mbele ndiyo yanayokata kona. Matuta nayo huzidisha kilo, kwa hiyo kwenye tuta tunapita kwa mwendo wa kutembea, na baada ya kilomita chache za mwanzo tunasimama tukaze mikanda upya.

Upande wa sheria si mgumu. Keria ina taa zake za breki na indiketa, zinazochomekwa kwenye soketi ya gari, mpya za pini 13 na za zamani za pini saba. Kwa kuwa inafunika namba ya gari, lazima iwe na namba yake: huku magari yana vibao vya njano, na cha keria ni cheupe chenye namba ileile. ANWB, chama kikubwa cha wenye magari ambacho huzipima keria hizi na kuchapisha matokeo, kilianzishwa mwaka 1883 na waendesha baiskeli. Mimi huamini neno lao kuliko la tangazo lolote.

Sasa kuhusu lile ombi la kutafutiwa keria la binamu, anayekodisha baiskeli kwa watalii hapo Lushoto. Keria iliyotumika naweza kumtafutia, na baiskeli zake za kawaida hazitaisumbua. Tatizo ni gari lake, Noah, ambalo halina chuma cha tela. Mwambie fundi asikichomee kwenye bampa kwa namna yoyote, hata akisema ni bei rahisi. Kishikwe kwa boliti kwenye chesisi, pande zote mbili, na zile kona za Mombo kupanda Lushoto zihesabiwe kama mzigo wa ziada. Mwambie aingie chini ya gari apige picha anitumie, nione chesisi ilivyo kabla sijanunua kitu. Na wewe Mjomba uwepo siku fundi atakapofunga, ukague kila boliti.

Msalimie Mama mdogo.

Mpwa wako