Alama Mbili za Rangi ya Kucha

Kwenye bomba la siti ya baiskeli yangu kuna mistari miwili myekundu. Ni rangi ya kucha. Niliinunua kwa mmachinga aliyekuwa akikatiza Mtaa wa Kongo na beseni la vipodozi kichwani, na aliyeipaka ni fundi wangu wa Kariakoo, mzee wa miaka sitini na ushee ambaye sidhani kama aliwahi kushika chupa ya namna ile. Aliifungua kwa meno, akaishika kwa vidole vilivyojaa grisi, akachora mstari mmoja chini na mwingine juu, katikati pakabaki upana wa kiganja.

"Huu wa chini wa kupandia," akasema. "Wa juu wa kushukia."

Nilidhani amekosea. Ikanichukua muda kung'amua kwamba siti ikiinuliwa, kinachochomoza kwenye fremu ni ile sehemu ya chini ya bomba.

Baiskeli yenyewe ni mtumba wa gia, magurudumu ya inchi 26, shokapu mbele tu. Iliingia nchini ndani ya kontena, na siku naichukua karatasi ya duka ya Kijerumani ilikuwa bado imegandia kwenye fremu. Sikuinunua kwa ajili ya milima, niliinunua kwa ajili ya foleni. Naishi Ilala, kibarua changu kiko jirani na bandari, na kwa miaka miwili njia yangu ilikuwa ile ile: Msimbazi, Gerezani, halafu kujipenyeza kati ya malori ya makontena hadi getini. Huko kuna makalvati, kuna mikokoteni, kuna wapagazi wanaopiga mluzi uwapishe. Mlima hakuna. (Wapagazi ndio wenye jina la mtaa wa fundi wangu, tusisahau: kambi ya Carrier Corps ya Waingereza, wabeba mizigo wa Vita Kuu ya Kwanza, ndiyo iliyotamkwa na watu mpaka ikawa Kariakoo.)

Tambarare ni mwongo mpole. Siti yangu ilikuwa chini mno, kwa sababu nilipenda nyayo zote mbili ziguse ardhi nikisimama kwenye taa. Magoti yakauma, nikasingizia umri. Gia niliiweka katikati mwezi wa kwanza, mwaka ukaisha sijaigusa. Matairi niliyajaza upepo mpaka yakawa magumu kama gogo. Yote yalikuwa makosa, na hakuna hata moja lililonizuia kufika kazini saa mbili kasoro.

Jumapili moja vijana wawili wa mtaani kwetu wakanialika Pugu. Barabara ni moja tu, ile ya Nyerere, ambayo zamani iliitwa Barabara ya Pugu. Ukishapita uwanja wa ndege na kuiacha Gongo la Mboto, ardhi inaanza kuinuka, na hapo ndipo baiskeli yangu ilipoanza kunisengenya mbele za watu. Nilikumbuka gia mlima ukiwa umeshanishika. Nikabadili huku nakanyaga kwa nguvu zote, cheni ikasaga meno, ikaruka, ikatoka. Tulipoacha lami na kuingia njia ya vumbi kuelekea msituni, gurudumu la mbele likawa linanyanyuka kila nikikandamiza pedeli, kama punda anayekataa mzigo.

Kijana mmoja akatoa spana. "Mzee, siti yako iko chini sana, ndiyo maana miguu haina nguvu." Tukaipandisha. Nikapanda vizuri, nikapanda mpaka nikajiona. Na ni siti ile ile, pale pale juu, niliyoshuka nayo.

Mteremko ulikuwa na mchanga mwekundu na mizizi. Nilitaka kurudisha makalio nyuma, siti ikanizuia, uzito wote ukabaki kwenye usukani. Nikashtuka. Nikabana breki ya mkono wa kushoto, nikijua ni ya nyuma. Gurudumu la mbele likaganda palepale, nami nikapita juu ya usukani kama furushi lililorushwa na utingo.

Nimeitafakari sana breki ile. Baiskeli nyeusi tulizojifunzia utotoni, za mtindo wa Kiingereza, zile zenye vyuma badala ya waya, mkono wa kulia ndio unaobana gurudumu la mbele. Wajapani nao huweka hivyo hivyo. Wajerumani na wengi wa Ulaya bara, pamoja na Wamarekani, huweka kinyume: kushoto mbele, kulia nyuma. Makontena yanayoshushwa bandarini yanaleta zote, na Kariakoo zinasimamishwa pamoja ukutani kama ndugu. Nilikuwa nimeendesha ya Mjerumani kwa miaka miwili bila kuhitaji kujua. Sikuwa nimewahi kubana breki kwa hofu. Siku ya hofu mkono ulikwenda kule ulikofundishwa nikiwa na miaka tisa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba." Fundi hakuitazama baiskeli. Alitazama kiwiko changu kilichochubuka. "Ulianguka ukipanda au ukishuka?"

"Nikishuka."

"Basi tuanze na kushuka."

Akahamisha waya za breki, kulia kwenda kushoto. Akalegeza mikono ya breki na kuiinamisha kidogo, ili nikisimama kwenye pedeli kifundo cha mkono kinyooke na kidole kimoja kitoshe kubana. Akakata utepe wa tyubu kuukuu, akaufunga kwenye mguu wa shokapu, akaniambia nikae taratibu kisha nishuke. Utepe ulikuwa umesukumwa kidogo mno. "Hii imekazwa ya mtu mzito kuliko wewe," akasema, akalegeza kitasa mpaka nikikaa izame kama robo ya urefu wake. Nikamuuliza kwa nini isiwe ngumu tu, isinipotezee nguvu nikipanda. Akanitazama kama mtu aliyeuliza kwa nini godoro lisiwe la mbao.

Upepo akautoa kwenye matairi, akibonyeza kwa dole gumba, akitoa, akibonyeza tena. Tairi laini kidogo hushika mchanga, na linajikunja juu ya jiwe badala ya kuruka. Ukizidisha, jiwe linabana tyubu kwenye rimu na kuitoboa matundu mawili pacha, kama imeumwa na nyoka. Kati ya gogo na nyoka kuna kipimo, na kipimo chake kilikuwa dole gumba.

Ndipo akaja kwenye siti. Kisigino juu ya pedeli, pedeli chini kabisa, mguu unyooke: ukikanyaga kwa unyayo wa mbele, goti litabaki na mkunjo mdogo. Akaisogeza na mbele kwa upana wa kidole, ili nikipanda uzito wangu ulilalie gurudumu la mbele lisinyanyuke. Halafu akafungua nati ya kukazia bomba, akafunga badala yake wenzo wa kufungua kwa mkono aliouokota kwenye ndoo ya vyuma chakavu. Ndipo akaniuliza kama nina kitu cha kuwekea alama, naye mmachinga akatokea.

"Utakaposhuka, utashusha," akasema. "Lakini usingoje mteremko ukukute. Ukiwa umeshaanza kushuka, mkono hauwezi kuacha usukani."

Sipendi sana mafumbo ya baiskeli. Kila mtoa semina ana lake, na mengi hayajawahi kupata pancha. Lakini sentensi ile nilitoka nayo, nikasukuma baiskeli hadi Mnazi Mmoja bila kuipanda.

Ilinikumbusha miaka niliyokuwa na kampuni yangu ya uwakala wa forodha. Mizigo ilikuwa inakuja, nami nilikuwa napanda. Nikapanga ofisi ghorofa ya saba katikati ya mji, nikaajiri watu sita, nikaweka dereva. Sijutii hayo: bila kuonekana, mteja mkubwa hakupi nyaraka zake. Ile ilikuwa siti ya kupandia na ilikuwa sawasawa. Kisha wateja wawili wakaondoka ndani ya miezi mitatu. Hesabu nilikuwa nazo mezani, na nilijua. Sikushusha kitu. Kodi ile ile, dereva yule yule, kadi za michango ya harusi nikizijibu kwa kiwango kile kile nilichozoesha watu. Nilijiambia kwamba nikishusha, watu watajua ninashuka. Nilipotaka kushusha kweli, mikono yote miwili ilikuwa kwenye usukani: mishahara inadaiwa, mwenye nyumba ameshaandika barua. Kiwanja cha Chanika kilikwenda kulipa watu. Mke wangu, aliyekuwa ameniambia mapema tuhame ofisi, hakulirudia neno lile hata mara moja, na kunyamaza kwake kuliniuma kuliko barua.

Kwa hiyo siku hizi nikipita pale Pugu namfikiria Mwalimu Nyerere kwa namna nyingine. Wengi tunakumbuka kupanda kwake: alikuwa akifundisha sekondari ya Pugu, na mwaka 1955 akaacha ualimu ili ashike TANU moja kwa moja. Mimi nafikiria zaidi 1985, alipoondoka Ikulu mwenyewe na kutuachia neno la kung'atuka, ambalo kabla yake wengi hatukuwa nalo. Labda ndiyo sababu bado tunalitumia kwa taabu.

Hata Wamarekani wanaotajwa kama waanzilishi wa mchezo wa baiskeli za milimani walianza na kushuka. Oktoba 1976, kwenye Kaunti ya Marin kule California, walishindana mteremko mmoja kwa baiskeli nzito za zamani zenye breki ya kukanyaga kinyumenyume. Wakifika chini grisi ya kitovu cha nyuma imeungua na kuwa moshi, inabidi kufungua na kujaza upya, na mteremko ukaitwa Repack kwa sababu hiyo hiyo. Nilipomsimulia fundi alicheka, akauliza ni grisi ya aina gani.

Nimerudi Pugu mara nyingi tangu hapo. Gia naibadili nikiwa bado kwenye tambarare, mguu mwepesi. Juu kabisa, kabla njia haijainama, nasimama. Hilo ndilo gumu, kuliko mlima wenyewe. Umeshika pumzi, umeshinda, upepo unakupiga usoni, na wenzako wanapita bila kusimama. Mmoja wao ana baiskeli mpya ambayo siti inazama yenyewe ukibonyeza kitufe kwenye usukani. Mimi nafungua wenzo, nakalia siti, bomba linazama likikwaruza mpaka mstari wa juu uguse fremu. Nafunga. Sekunde kumi hivi. Kijana mmoja aliniuliza, "Vipi mzee, umechoka?" Nikamwambia hapana, nashusha siti. Akasema, "Aah," akaenda.

Wiki iliyopita niliona mstari wa chini umefutika. Kila nikishusha siti unaingia ndani ya fremu, unasuguliwa na chuma. Wa juu hauingii, uko kama ulivyopakwa. Nikaenda kwa fundi. Akaitoa ile chupa kwenye kopo la goroli, akaitikisa sikioni, akaigonga juu ya boksi la spana. Ilikuwa imekauka. Akaegemeza baiskeli ukutani, akanivutia kigoda, tukakaa kuangalia mtaani kama yule wa beseni atapita.