Wazimu wa Kwenye Video

Banda la video la mtaani kwetu Korogwe lilikuwa la mabati, benchi za mbao ndani, jenereta nje, na filamu za Nigeria karibu kila jioni. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 hatukuhitaji kujua Kiingereza ili kuzifuata. Mke mkubwa anamtilia sumu mke mdogo, au kaka anamdhulumu mdogo wake urithi, na kuelekea mwisho wa sehemu ya pili adui anapata haki yake: anavua viatu, anararua nguo, anaingia sokoni akicheka peke yake huku akiokota makopo. Banda zima lilishangilia. Kalipwa.

Mwaka 2013 watafiti wawili wa Nigeria, Olayinka Atilola na Funmilayo Olayiwola, walichapisha uchambuzi wa filamu za Kiyoruba. Waliona kwamba chanzo cha ugonjwa wa akili kilichoonyeshwa mara nyingi zaidi ni uchawi na nguvu nyingine zisizoonekana, na tiba iliyofaulu mara nyingi ilifanyika nje ya hospitali. Nilipousoma nililiona banda letu lote. Nikajaribu kukumbuka filamu hata moja ambayo mgonjwa alimeza dawa, akapata nafuu, akarudi kuuza duka lake. Sikuikumbuka.

Imani ya kurogwa na ya majini tulikuwa nayo kabla ya jenereta kuja mtaani, kwa hiyo siwezi kusema filamu ndizo zilizoileta. Zilichoongeza ni hatia ya mgonjwa mwenyewe. Bibi yangu na wa rika lake, mtu akichanganyikiwa, waliuliza nani kamfanyia. Sisi wa kwenye benchi tukaanza kuuliza yeye kafanya nini.

Swali hilo liliingia nyumbani kwetu mama mdogo alipougua. Alikuwa fundi cherehani, mikono myepesi, sare za shule za nusu ya mtaa zilipita kwake. Ilianza kwa kukosa usingizi, kisha akawa anajibizana na watu waliokaa juu ya paa, watu ambao yeye tu ndiye aliyewasikia. Majirani walikuja kutoa pole, na wakiwa njiani kurudi walihesabiana: labda alichukua kitambaa cha mtu, labda alitoa mimba, labda pesa za cherehani ile hazikuwa za halali. Mama yangu aliyasikia yote kupitia ukuta wa udongo. Walimpeleka kwa mganga kwanza, kama familia nyingi zinavyofanya, kisha wakampandisha Lutindi.

Lutindi iko juu ya Usambara, ndani ya wilaya yetu. Wamisionari wa Kijerumani walianza kutunza wagonjwa wa akili pale mwaka 1904, zaidi ya miaka 20 kabla ya hospitali ya akili ya Mirembe kujengwa Dodoma mwaka 1927. Ni miongoni mwa hospitali za mwanzo kabisa za aina yake Afrika Mashariki, na sisi wa bondeni tulilijua jina lake kama tusi tu. Watoto tuligombana kwa kutishiana kupelekana huko. Nilipopanda na bibi kumtazama mama mdogo, nilijiandaa kuona lile soko la kwenye video. Nikamkuta anapalilia mboga pamoja na wenzake, khanga kaifunga vizuri kiunoni. Alimwamkia bibi, akaniuliza habari za shule, halafu akauliza kama kuna mtu anayeitia mafuta cherehani yake, maana ikikaa bila mafuta itakamata. Bibi alishindwa kujibu kwa kulia.

Aliporudi nyumbani alikuwa wa sindano ya kila mwezi. Sindano ilizinyamazisha sauti za paani, lakini ilimkaza shingo, ikamfanya avute miguu, na vidole vikatetemeka hata kutunga uzi ikawa kazi. Watoto walimfuata njiani wakiigiza mwendo wake. Hili linaniuma hadi leo: walichokuwa wakikicheka hakikuwa ugonjwa. Ilikuwa ni dawa ikifanya kazi, na hakuna filamu, gazeti wala redio iliyokuwa imewaambia kwamba dawa zile huweza kukaza mwili, na kwamba daktari anaweza kupunguza kipimo au kuongeza kidonge cha kulegeza. Walimpunguzia kweli, na mwaka uliofuata akaanza tena kushona.

Mabadiliko yalikuja kupitia redio, polepole. Vituo vya FM viliongezeka, vipindi vya afya vikaanza kualika madaktari, na neno sonona likatoka hospitali likaingia saluni. Wasanii wakasimulia wazi siku zao mbaya. Kenya, mwaka 2020, jopo lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga lilipendekeza afya ya akili itangazwe kuwa dharura ya kitaifa, na Januari 2025 Mahakama Kuu ya Nairobi ikasema kifungu kinachomfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu kinakwenda kinyume na katiba. Binamu zangu wadogo leo wanaweza kumwambia mama yao kwamba hawako sawa, naye akakaa chini akawasikiliza. Kwetu hilo halikuwepo, na ninalishukuru.

Ila rehema hiyo haikugawanywa sawa. Mwenye sonona amepata wa kumtetea. Mwenye skizofrenia bado yuko sokoni na makopo yake. Mume akiua mke kwa wivu, habari inasomwa na maneno "afya ya akili" kabla hata polisi hawajamaliza kumhoji. Mama mdogo huyasikia hayo akiwa kwenye cherehani. Hajawahi kumpiga mtu kibao, na kila habari ya namna hiyo ikisomwa wateja wake hupungua kwa siku kadhaa. Halafu zimekuja simu. Nawaza kuhusu Conjestina Achieng, bondia wa Kenya aliyewapa wanawake wa Afrika heshima ulingoni. Alipougua, kamera zilimfuata mpaka kijijini kwao Siaya, tena na tena, zikaonyesha nywele zake, nguo zake na kila neno lililomtoka. Baadhi ya habari hizo zilimletea msaada, nakubali. Lakini kwa nini bingwa alazimike kuonyeshwa katika saa zake mbaya kabisa ndipo asaidiwe? Na huyo ana jina. Wasio na jina wanarekodiwa stendi, wanasambazwa kwenye magrupu ya WhatsApp, na wanaocheka ni watu wale wale walioandika juzi kwamba tupendane na tujaliane.

Mwaka jana mama mdogo alipiga simu kwenye kipindi cha afya cha redio. Daktari alikuwa amezungumza kuhusu mazoezi, usingizi na kuwa na rafiki wa kumweleza yaliyo moyoni. Mama mdogo akasalimu, akasema, "Mimi ni mgonjwa wa akili, nachoma sindano kila mwezi." Mtangazaji, kijana mwenye adabu, akamuuliza kwa upole, "Mama, una uhakika tuendelee hewani?"

"Nimepiga ili niwe hewani, mwanangu. Sindano zahanati haipo, muuguzi ananiambia nikanunue duka la dawa, na dukani haipo. Daktari, nisipoipata nifanyeje?"

Daktari alisema atafuatilia. Mpigaji aliyefuata alikuwa baba wa kijana mgonjwa, kwao nako haipo. Na aliyemfuata vivyo hivyo. Mazoezi hayakutajwa tena hadi kipindi kikaisha. Wiki iliyofuata mtangazaji alimleta mfamasia studioni, na swali la kwanza alilomuuliza, akasema, limetoka kwa fundi cherehani mmoja wa Korogwe.