Korti Imesonga Karibu, Kesi Je?

Wasee, kabla Migori ikatwe 1992, yenyewe na Homa Bay zilikuwa wilaya moja, South Nyanza. Ukitaka Mahakama Kuu, unapanda matatu hadi Kisii. Dani wangu aliijua hiyo safari vizuri: kuamka saa tisa usiku, karatasi za shamba ndani ya leso, jioni anarudi na tarehe nyingine.

Siku hizi Mahakama Kuu iko Homa Bay na Migori pia. Juzi nilimpeleka na boda, dakika ishirini tu. Tukaambiwa faili haionekani.

Dani akacheka. “Nyakwara, barabara imefupika. Kesi ndiyo haijafupika.”

Mimi sikucheka. Hilo shamba ndilo kwetu. Tarehe ijayo narudi naye.

Kwenu korti iko mbali aje?