Lita Moja ya Oili

Pikipiki ya mama ilinishinda kwenye mlima wa kutoka Kisian, saa kumi na moja jioni, yeye akiwa nyuma yangu na gunia la omena limefungwa kwa mpira nyuma yake. Injini haikuzima. Ingezima ningeelewa. Nilipovuta mafuta ilinguruma kabisa, lakini mwendo haukuongezeka, kama mtu anayepayuka kwenye baraza na hakuna anayemsikiza. Lori la miwa likatupita. Matatu ikatupita, makanga akatuchungulia akacheka.

Mama hakusema kitu. Alishuka, akakunja leso yake vizuri, akaanza kutembea. Mimi nikafuata na pikipiki polepole na lile gunia, hadi mahali barabara inapolala kidogo.

Pikipiki yenyewe ilikuwa Boxer ya mtumba, na haikuwa yangu. Niliporudi nyumbani Maseno kutoka chuo bila digrii na bila mpango, mama alikopa kwa chama chao cha wanawake wanaouza omena na mboga soko la Luanda. Wenzake walimdhamini. Asubuhi ningempeleka sokoni, halafu ningeingia steji kubeba wanafunzi wa Siriba na Nyawita, na kila Jumamosi ningemletea pesa ya kulipa mkopo. Kwa hivyo injini ile ikifa, wanawake kumi na wawili wangejua kabla ya mazishi.

Jioni hiyo mama aliniuliza shida ni nini. Nikamwambia, kwa sauti ya mtu aliyesoma, kwamba ameuziwa pikipiki mbovu.

Kesho yake akaenda kwa aliyemuuzia, akamwambia maneno yake yote mbele ya watu.

Sikumwambia kwamba siku nne kabla ya hapo nilikuwa nimebadilisha oili mwenyewe. Wazee wa steji wote wanaweka 20W-50, ile ya kopo la kawaida, na mimi niliona huo ni ujinga wa kufuatana. Nilikuwa nimesoma kwenye simu kwamba oili nyepesi ya kisasa inapunguza msuguano na kuokoa petroli. Nikalipa zaidi nikanunua 5W-30 ya gari, kopo zuri lenye maandishi ya kuthibitisha kwamba inaokoa mafuta. Nilijisikia mjanja kwa siku tatu na nusu.

Fundi tuliyempelekea ana kibanda chini ya mti, hatua chache kutoka kwa alama ya ikweta ambapo wageni husimamisha magari wapige picha. Hakugusa spana. Aliniuliza kitu kimoja: "Kijana wangu, umeweka oili gani?"

Nikamwonyesha kopo. Akacheka, lakini hakunicheka sana.

"Hii ni ya gari."

"Lakini ni nzuri zaidi, mzee."

"Ni nzuri kwa gari."

Halafu akanieleza. Kwa gari la gia za mkono, klachi kwa kawaida hukaa kavu, na giaboksi ina oili yake. Kwa pikipiki kama hii, injini, gia na klachi zote zinaoga ndani ya oili moja, ile lita moja na kidogo. Klachi ni pleti zilizopangwa kama chapati, zinabanana ili nguvu ya injini ifike kwa gurudumu. Zinafanya kazi kwa sababu ya msuguano. Sasa wewe unaleta oili iliyotiwa dawa ya kuondoa msuguano, unazipaka hizo pleti, halafu unapanda mlima na mtu na gunia. Zitateleza tu. Na zikiteleza muda mrefu zinaungua, hapo sasa unanunua pleti mpya.

Ndiyo maana kopo la oili ya pikipiki huwa na herufi ambazo sikuwahi kuziangalia: JASO MA. Ni kipimo cha Wajapani, kilianza mwaka 1998, baada ya oili za magari kuanza kutiwa dawa hizo. MA maana yake klachi ya kuoga kwenye oili itashika. MB ni ya msuguano mdogo, inafaa skuta ambazo klachi yake haiguswi na oili. Ukiona MA au MA2, nunua. Usipoona kitu, uliza kwanza.

Zile namba nazo nilikuwa nimezisoma nusu. W ni ya baridi, winter ya Wazungu. Namba iliyo mbele ya W inaeleza oili inavyotiririka ikiwa imepoa; ya pili inaeleza inavyobaki nzito injini ikiwa moto, na kipimo huchukuliwa kwa nyuzi 100. Mtu wa nchi ya theluji anahitaji namba ya kwanza iwe ndogo, la sivyo asubuhi oili inakuwa kama uji uliolala. Sisi tuko juu ya ikweta. Baridi yetu ni sweta ya saa kumi na mbili asubuhi. Injini ya boda hupozwa na upepo tu, na boda aliyebeba watu wawili na kabichi hana upepo mwingi mlimani. Wale wazee wa steji hawakuwa wanafuatana tu.

"Kitabu cha pikipiki kinasema nini?" fundi akauliza.

Kitabu kilikuwa chini ya kiti, ndani ya karatasi ya nailoni, tangu siku tuliyoinunua. Kinasema 20W-50.

Tuliwasha injini dakika chache oili ilegee, tukasimamisha pikipiki kwa stendi ya katikati, tukafungua boliti ya chini. Ikamwagika ikiwa bado na rangi ya asali, oili ya bei ya juu, kwenye beseni lililokatwa kutoka kwa jerikeni. Akasafisha chujio, akabadilisha washa ya shaba, akafunga boliti kwa mkono kwanza kabla ya spana, maana aluminiamu ya injini ikikatika nyuzi utalia. Tukaweka ya MA. Baada ya siku chache tukaimwaga hiyo pia, kuosha iliyobaki, tukaweka nyingine. Tuliwahi. Pleti zilikuwa hazijaungua. Mlima wa Kisian ulirudi kuwa mlima wa kawaida.

Ilibaki kumwambia mama.

Nilingoja amalize kuanika omena. Nikamwambia pikipiki ilikuwa sawa, ni mimi niliyeiharibu, na yule mtu alitukanwa bure. Alikaa kimya muda mrefu. Halafu akasema, bila hasira, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi: "Wewe, wuoda, huwa unasoma mpaka katikati."

Hakuwa anaongea juu ya oili peke yake, na sote wawili tulijua. Jumapili tulienda pamoja kwa yule mtu. Mimi ndiye niliyeongea.

Siku hizi nabadilisha oili kila kilomita 2,000 na kuandika tarehe nyuma ya kile kitabu. Kabla ya kununua nakagua muhuri wa kifuniko, kwa sababu kuna watu huchuja oili chafu na kuijaza kwenye makopo ya zamani. Na kopo likiisha nalitoboa, nisije nikamsaidia mtu kama huyo.

Lakini kuna lile jerikeni nyuma ya mlango. Oili chafu. Majirani huja kuomba, wanapaka nguzo za ua mchwa wasile. Wengine wanaimwaga tu kando ya barabara, eti inazuia vumbi. Kanuni za taka za mwaka 2006 ziliihesabu kuwa taka hatari, na mvua ya Maseno haiachi kitu mahali kilipomwagwa: inakipeleka kwenye mitaro, mitaro inakipeleka mtoni, na mito ya upande huu wa kwetu inashuka ziwani. Huko ndiko omena za mama hutoka.

Juzi alilisukuma lile jerikeni kwa mguu, akaona limekaribia kujaa.

"Hii utaipeleka wapi?"

Nimeanza kuuliza gereji kubwa za Kisumu ni nani huwachukulia yao. Bado nasoma. Sijafika mwisho.