Ghala Moja, Milango Miwili

Katika nyumba yetu huku Muheza pana kompyuta moja ya mezani ambayo majirani huiita "mashine ya mwalimu". Kwa nje haina ajabu yo yote. Ni kasha jeusi lenye mikwaruzo, nalo tulilinunua Kariakoo mwaka 2022, likiwa limekwisha kutumiwa na watu wengine. Bali kwa ndani ina mambo mawili yasiyoonekana katika kompyuta nyingi. La kwanza, ina mifumo miwili ya uendeshaji, Windows na Ubuntu, nasi tuiwashapo huchagua tutakao. La pili, ina diski ngumu mbili zilizofungwa pamoja kwa namna iitwayo RAID. Mambo hayo tuliyafanya kwa mikono yetu, kwa kusoma na kuuliza, nasi twapenda kuwaeleza wasomaji jinsi tulivyoyafanya, na hasara tuliyoipata kwa kudhani ya kuwa tumeyafahamu.

Yafaa tuanze na sababu. Baba yetu mzazi alikuwa mzee aliyejua kusimulia. Ujanani alikata mkonge katika mashamba ya huku Tanga, akaishi maisha ya kipande, yaani ile kadi ya kazi iliyohesabiwa siku thelathini kabla mtu hajalipwa. Tangu mwaka 2019 hata 2021 tulikuwa tukimketisha barazani, tukiinasa sauti yake kwa simu. Tulipata masimulizi 38. Mwaka huo wa 2021 akafariki. Simu nayo ikaanza kuzeeka, ikawa yazima yenyewe pasipo sababu, nasi tukaingiwa na hofu. Tukaazimia kuyahamisha yale masimulizi mahali palipo salama, na tulipouliza palipo salama ni wapi, tukaambiwa habari za RAID.

Wazo hili lilielezwa mwaka 1988 na David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz, wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, Marekani. Siku zile diski za mashine kubwa zilikuwa ghali mno, na zile ndogo za kompyuta za mezani zilikuwa za bei nafuu. Wao wakauliza, mbona zisiunganishwe ndogo nyingi zikafanya kazi ya kubwa moja? Walakini palipo na diski nyingi, na za kufa ni nyingi. Ndipo wakaeleza njia mbalimbali za kuweka akiba ndani ya kundi hilo, hata moja ikifa yaliyokuwamo yasipotee. Njia iliyo rahisi kuliko zote ni ya kioo: kila neno liandikwalo katika diski ya kwanza huandikwa papo hapo katika ya pili. Anunuaye mbili hupata nafasi ya moja tu. Yule aliyetuuzia diski alitushauri tuziunge kwa namna nyingine, ya kugawa kila faili nusu huku na nusu kule, tupate nafasi maradufu na mbio zaidi. Tulikataa, na katika hilo tulikuwa na haki, kwa maana katika namna hiyo diski moja ikifa zote mbili zimekufa.

Mifumo miwili twaihitaji kwa kazi. Windows ni kwa ajili ya karatasi za shule, ambazo wenzetu wote hutumia programu zake. Ubuntu hautozwi fedha, nao huenda vizuri katika mashine iliyozeeka. Jina lake latoka katika lugha za kusini mwa Afrika, ni ndugu wa neno letu "utu". Ulitolewa mara ya kwanza Oktoba 2004, na kiini chake ni Linux, kilichoanzwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, alipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Ufini.

Kazi yenyewe ilitutwaa siku tatu za likizo. Tulitia diski ndogo isiyozunguka, ya gigabaiti 240, tukaigawa vyumba viwili kwa ajili ya mifumo. Windows tuliitangulia, kwa kuwa tuliambiwa ya kuwa haimjali mwenzake, yaweza kujitwalia mlango, kisha tukautia Ubuntu, ambao huja na bawabu wake aitwaye GRUB, naye huuliza kila mashine iamkapo, "Waingia wapi?" Zile diski mbili kubwa, za terabaiti moja moja, tuliziunga katika mipangilio ya bodi kuu ya mashine, kabla mfumo wo wote haujaamka. Windows ikaziona kama diski moja. Ubuntu nao, tulipoupa programu iitwayo mdadm, ukaziona vivyo hivyo.

Mikasa haikukosa. Windows, kwa desturi yake, ikizimwa hailali kabisa, bali husinzia tu ili siku ya pili iamke upesi. Na Ubuntu ukiikuta diski ya mwenye kusinzia hukataa kuandika humo. Ikatubidi kuiondoa desturi hiyo. Na saa je! Ubuntu huiweka saa ya ndani ya mashine kwa majira ya Greenwich, na Windows huisoma kana kwamba ni majira ya hapa petu, na kati yake ni saa tatu. Sisi tuhesabuo saa tangu macheo tumekwisha kuzoea kuishi na tofauti ya saa sita, lakini hii ya saa tatu ilitutatiza. Jioni moja tulisahihisha madaftari tukidhani ni saa mbili, kumbe ni saa tano, na mama wa watoto wetu alikwisha kufunika chakula na kwenda kulala. Hilo nalo tulilitengeneza, kwa kuiagiza Ubuntu ifuate majira ya hapa.

Basi mambo yakatengenea, nasi tukajiona mafundi. Hata mwezi wa Machi 2024 diski ikajaa. Palikuwa na masomo ya video tuliyoyatengeneza, na harusi za ukoo, na ndani ya folda moja kubwa, tuliyoiita "Ukoo", picha zetu zote pamoja na masimulizi ya baba. Tukiingia kwa Windows twaiona folda hiyo. Tukiingia kwa Ubuntu twaiona pia. Twaona haya kuyaandika yafuatayo, kwani tulizifunga zile diski wenyewe. Tulijiambia: diski ni mbili, mifumo ni miwili, na "Ukoo" ni mbili, moja ni ya Windows, ya pili ni ya Ubuntu, tukiifuta ya Windows tutapata nafasi, na ya Ubuntu itasalia. Windows ikatuonya ya kuwa mzigo ni mkubwa kupita pipa lake la takataka, je, twataka ufutwe kabisa? Tukajibu ndiyo. Usiku uo huo tukajaza mahali pale video za harusi ya mtoto wa ndugu yetu.

Siku ya tatu tulitaka kuisikia sauti ya baba, tukaingia kwa Ubuntu. Folda haikuwako. Tulizima mashine, tukaiwasha tena. Tukaingia kwa mlango wa pili, tukarudi kwa wa kwanza. Ghala lilikuwa moja tangu mwanzo, na sisi tulikuwa tumelihesabu kwa milango yake. Simu ile ya zamani tulikwisha kuifuta na kumpa mtoto.

Tukamwita kijana mmoja, mwanafunzi wetu wa zamani, ambaye sasa ni fundi. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Shikamoo, Mwalimu. Tangu siku ile mmetia nini humo?" Tulipomwambia habari za video za harusi akanyamaza kidogo. Kisha akatueleza kwa upole, kama tulivyokuwa tukimweleza yeye hesabu za sehemu: "Ile RAID yakulinda diski ikifa, Mwalimu. Hailindi mkono wako. Ulipofuta huku, ilifuta na kule kwa uaminifu ule ule. Kioo hakibaki na sura yako ukiisha kuondoka." Akatukataza kuandika cho chote zaidi, akaleta diski nyingine na programu iitwayo PhotoRec, ambayo hupekua diski kipande kwa kipande ikitafuta mabaki ya mafaili yaliyofutwa. Ilipekua usiku kucha. Katika yale masimulizi 38 tulirudishiwa 21 yaliyo kamili, na 6 yaliyokatika. 11 hatukuyaona tena.

Haki ya RAID yatupasa kuitoa pia. Januari 2025 diski mojawapo ilianza kugongagonga, kisha ikanyamaza. Mashine haikusimama, tulifanya kazi juma zima na diski iliyosalia, tukanunua nyingine, nayo ikanakiliwa yote kwa muda wa saa nne hivi. Hakuna faili hata moja lililopotea. Yafanya kazi yake. Sisi ndio tuliotaka ifanye na ya mwingine. Sasa tuna diski ya tatu, ambayo haiungwi na mashine ila siku ya kunakili, kisha hupelekwa Korogwe kwa dada yetu, ikawekwa kabatini pamoja na vyombo vya wageni.

PhotoRec hurudisha mafaili bila majina yake, namba tupu. Kwa hiyo ilitubidi kuketi na dada yetu, yeye na daftari, sisi na mashine, tukasikiliza kila moja ili kujua ni lipi. Hatukuwahi kuyasikiliza hivyo kabla. Tulimsikia baba akikohoa, na jogoo wa jirani, na mara nyingi mno tulijisikia wenyewe tukimkatiza: "Haya baba, endelea, ikawaje?" Dada akasema, "Kaka, ulikuwa wamharakisha wapi mzee?" Hatukuwa na jibu.

Moja katika yale sita yaliyokatika ni habari ya mnyapara aliyemnyima baba alama ya siku katika kipande chake, na jinsi baba alivyomfuata hata nyumbani kwake usiku. Sauti yaishia pale anapobisha hodi. Dada akumbuka ya kuwa mnyapara alitoka, akaandika ile siku kwa kalamu ya kuazima. Sisi twakumbuka ya kuwa aliyefungua mlango ni mkewe, na ile siku haikuandikwa kamwe. Tumeziandika habari zote mbili katika daftari, chini ya namba ya faili.