Jua hili na safari ya kwa bibi

Najua nimepotea hapa kijiweni kwangu, msinihukumu. Asaimenti zimefuatana kama mabehewa, UE inanukia, na bumu kama mjuavyo lilishakata zamani. Halafu joto! Jamani, joto la mwaka huu halina adabu. Chumbani tuko wanne na feni moja, nayo inazunguka kama imelazimishwa. Mwenzangu mmoja analowesha kanga ndipo alale, mwingine kahamishia godoro sakafuni. Mimi leo nimekimbilia kimbwetani, saa nne hii ya usiku, na hata zege lenyewe bado lina moto wa mchana.

Basi bwana, leo nataka kuwasimulia jambo lililonitoa jasho zaidi ya hilo joto.

Wenye kumbukumbu mnajua kwamba kila Desemba ukoo wetu huenda kijijini, kwa bibi yangu mzaa baba. Siyo kule Upare wa milimani wenye migomba na ukungu, hapana. Bibi anakaa tambarare, kando ya barabara kuu ya kwenda Moshi, kabla hujafika Same mjini. Waliopita huko na basi wanapajua: mkonge, miiba, vumbi jekundu, mbuzi wanasimama kwenye kivuli cha mti mmoja kumi kwa pamoja. Milima unaiona hapo hapo mbele yako, mibichi kabisa, lakini mvua inaishia huko huko juu. Sisi wa jiografia tunapaita upande wa kivuli cha mvua. Bibi yeye husema tu kwamba mlima una choyo.

Alhamisi baba akapiga simu. Nikamwamkia, akaitika, kisha kimya kidogo. Nikajua lipo jambo.

"Mama," akasema (ananiita mama kwa sababu nimerithi jina la mama yake), "kule nyumbani wanasema jua ni kali kupita miaka yote, na vuli imekuja kwa kuonjesha tu. Dada yako ana mtoto wa miezi minne. Mama yako na presha yake ndiyo hivyo. Twende au tusiende? Wewe ndiye unayesoma mambo ya hali ya hewa. Jumapili utupe jibu."

Wadau, sijawahi kuulizwa hivyo na baba. Kwetu mambo ya safari huamuliwa na wakubwa, sisi tunaambiwa tu saa ya kuamka. Nikajiona nimekua ghafla. Kumbe ulikuwa mtego, ila aliyenitega si baba, nilijitega mwenyewe.

Sikungoja hata Jumapili. Ijumaa asubuhi nikaingia kwenye kundi letu la familia la WhatsApp nikamwaga mhadhara. Nikaeleza kwamba mwili wa binadamu unajipoza kwa jasho, na jasho linasaidia pale tu linapokauka. Ukipoteza maji mengi bila kuyarudisha, damu inapungua ujazo na moyo unahangaika. Nikasema mtoto mchanga hawezi kujipoza kama sisi, na wa miezi minne hatupaswi kumpa maji, ananyonya tu, kwa hiyo mama yake naye lazima anywe vizuri na anyonyeshe mara nyingi zaidi. Nikasema dawa ya presha ya mama ni ile inayompeleka msalani mara kwa mara, maana yake inatoa maji mwilini, na kwenye joto kali mtu wa namna hiyo anahitaji uangalizi. Nikamalizia kibabe: kwa sababu hizo, mwaka huu tusiende.

Mjomba akaweka vidole gumba vitatu. Dada akaandika "Mwalimu huyo!" Baba akasema, "Tumekuelewa, mama."

Nilichosema chote kilikuwa kweli. Lakini sasa niwaambie na kile ambacho sikukisema, maana hapa ni mahali pangu pa kusema. Mimi mwenyewe sikutaka kwenda. UE ni Februari, na maktaba ina kiyoyozi. Nilikuwa nimeshapanga na wenzangu kwamba likizo ile fupi tubaki, asubuhi tusome, jioni twende Coco tukale mihogo. Kijijini hakuna hata pa kuchaji simu kwa raha. Kwa hiyo baba alipouliza, mimi nilikuwa na jibu kabla ya swali, nikatafuta tu sayansi ya kulivalisha nguo. Ukweli ukiutumia kwa faida yako bado ni ukweli, lakini unakukaa vibaya moyoni. Niulizeni mimi.

Jumamosi nikakaa kuandaa kazi ya semina kuhusu majanga ya hali ya hewa. Mwanzoni nilitaka kuandika kuhusu Sudan Kusini, kwa sababu ni habari ya shule: Machi 2024 serikali yao ilifunga shule nchi nzima kwa ajili ya joto lililotazamiwa kufika nyuzi 45. Sisi tunaosomea ualimu tungepaswa kuliwaza sana jambo hilo. Mwaka jana kwenye mazoezi ya kufundisha nilipewa Kidato cha Pili chini ya bati lisilo na dari, kipindi cha saa saba mchana. Nusu ya darasa wamelala, mimi nawafokea. Leo najua hawakuwa wavivu wale.

Katika kusoma nikafika Ufaransa, Agosti 2003. Joto lilipiga pale, na katika wiki chache wakafa watu takriban 15,000 zaidi ya wanaokufa siku za kawaida. Ufaransa, wadau! Nchi yenye hospitali na umeme na kila kitu. Wengi wao walikuwa wazee, na wengi walikuwa wakiishi peke yao. Agosti kule ndiyo mwezi wa likizo, mji mzima unahama kwenda pwani na mashambani. Mzee amebaki kwenye chumba cha juu chini ya paa, hakuna anayegonga mlango kumuuliza kama amekunywa maji.

Nikafunga kitabu. Sikuendelea.

Maana nilikumbuka mahesabu yangu ya Ijumaa. Nilimhesabu mtoto, nikamhesabu mama, nikajihesabu na mimi kimya kimya. Bibi sikumhesabu! Miaka 78, yuko peke yake na mbuzi wake na kijana mmoja wa kazi anayerudi kwao jioni. Sote tulikuwa tunajadili kama tutaweza kulivumilia jua lile kwa siku sita. Yeye yuko ndani yake siku zote, na hakuna aliyemuuliza.

Nikampigia. "Shikamoo bibi."

"Marahaba somo yangu. Umekula?"

Nikamuuliza habari za joto. Akacheka, akasema jua ni jua, lilikuwepo hata kabla ya baba yako. Nikambana. Analala wapi? Hapo ndipo akaniambia, kwa sauti ya mtu anayeungama kosa, kwamba nyumba kubwa halali tena. Anatandika mkeka jikoni, kwenye kile kibanda cha udongo cha zamani.

Mnisikilize vizuri hapa. Ile nyumba kubwa ni fahari ya baba. Aliijenga kwa matofali ya saruji na bati baada ya kubomoa nyumba ya zamani ya udongo na nyasi. Kijiji kizima kilimsifu, na bibi alimbariki kwa machozi. Lakini bati tupu bila dari likipigwa na jua mchana kutwa linashusha joto lote ndani, na zile kuta zinalitunza mpaka usiku wa manane. Udongo mnene na nyasi vilikuwa vinazuia. Bibi amelijua hilo miaka yote, hakusema kwa sababu hakutaka kumvunja moyo mwanawe. Kila Desemba tukifika anatulaza sisi kwenye nyumba kubwa, yeye anasema anabaki jikoni "kulinda moto". Na sisi tuliosoma tuliamini!

Maji je? Bomba limekauka, kwa hiyo anakwenda kupanga foleni na ndoo usiku, kwa sababu mchana hawezi. Anakunywa kidogo ili ndoo imfikishe kesho yake. Nilisikia vibaya sana, wadau. Machozi yalinitoka hapo hapo ngazini, watu wanapita wakadhani nimeachwa.

Jumapili saa tatu asubuhi nikapiga simu nyumbani, sikuandika kwenye kundi. Nikamwambia baba kwamba jibu langu la Ijumaa nalifuta. Nikamwambia na sababu, yote, pamoja na maktaba na mihogo ya Coco. Nilidhani atanifokea. Akanyamaza, halafu akasema, "Hata mimi, mama, nilifurahi uliposema tusiende. Nauli ya watu wote hao mwaka huu ni mzigo." Kumbe tulikuwa wawili!

La nyumba ndilo lilikuwa gumu. Utamwambiaje mzazi kwamba zawadi yake inamuunguza mama yake? Nilimwambia hivyo hivyo ilivyo, polepole. Akauliza swali moja tu: "Tangu lini?" Nikasema tangu mwanzo. Sijawahi kumsikia baba akivuta pumzi namna ile.

Tukakaa kwenye simu karibu saa nzima. Wazo la kwanza lilikuwa kumleta bibi Dar. Lakini Dar nako siyo peponi. Kwenye vipimo Dar inaweza kuwa nyuzi 32 au 33 na kule 35 au zaidi, ila hapa hewa ya bahari ina unyevu, jasho halikauki, na usiku hakupoi. Kisha bibi mwenyewe hataki hata kulisikia, mbuzi atamwachia nani? Wazo la pili ni kumpandisha mlimani kwa mdogo wake. Hili lina akili, kwa sababu kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua kama nyuzi 6, na nyumba ya yule babu iko juu sana kuliko ya bibi. Bibi amekubali kwenda wiki mbili, Januari, mbuzi wakipata mtu wa kuwaangalia.

Basi uamuzi wetu ni huu. Tunakwenda, lakini siyo wote na siyo kama zamani. Dada na mtoto wanabaki. Mama anabaki nao, na wiki hii anakwenda kumuuliza daktari wake kuhusu dawa na joto. Tumemkataza kabisa asijipunguzie vidonge kwa akili yake. Wanaokwenda ni baba, mdogo wangu wa kiume na mimi. Tunapanda basi la usiku, si mnakumbuka tangu 2023 serikali iliyaruhusu tena mabasi kutembea usiku? Zaidi ya kilomita 400 zile tutazimaliza kwenye ubaridi, alfajiri tunashuka, kabla jua halijaamka vizuri.

Na ile hela ya mbuzi wa kuchinja, soda na nauli za watu waliobaki, haiendi kwenye sherehe. Inanunua simtanki la lita 1,000 ili boza likipita bibi ajaziwe, na mbao za kuanzia dari kwenye chumba chake. Dari haitakwisha safari hii, baba amesema wazi. Mdogo wangu atachimba mashimo ya miche ya mwarobaini upande wa magharibi. Haitampa bibi kivuli kesho, lakini isipopandwa haitampa kamwe.

Jambo la mwisho nimeliiba Ufaransa. Baada ya msiba ule, walianza mpango wa halmashauri zao kuwa na orodha ya wazee wa kuwapigia simu wakati wa joto. Sisi tumetengeneza ya kwetu: watu saba, siku saba, kila mmoja na siku yake ya kumpigia bibi na kuuliza maswali mawili. Umekunywa maji? Umelala wapi? Yangu ni Jumatano. Haigharimu kitu zaidi ya vocha.

Nilibakiwa na kazi moja ya kumwambia bibi kwamba kitukuu haji. Amemngoja tangu siku aliyozaliwa, ameshafuma hadi kofia. Jioni nikampigia, nikamweleza kila kitu taratibu. Kimya kikawa kirefu hadi nikadhani mtandao umekata.

"Bibi, upo?"

"Nipo somo. Lini sasa?"

"Mwezi wa saba, bibi, wakati wa kipupwe. Atakuwa anakaa mwenyewe."

Akaguna. "Haya. Harusi ya mama yake niliingoja miaka, sitashindwa kuingoja baridi. Ila kofia itakuwa imembana." Kisha akaongeza, "Na huyo baba yako mwambie asije na uso wa msiba kwa ajili ya nyumba. Nyumba ni nzuri, inavuja jua tu. Na mnunue kamba, ya mbuzi imekatika."

Ndiyo hivyo wadau. Wenzangu wa Coco mnisamehe, mihogo mtanilia. Madesa nabeba, nitasoma jikoni kwa bibi, kwenye udongo, ambako nasikia ndiko kuna ubaridi. Na kabla hujalala leo, kama una bibi au babu mahali fulani chini ya bati, mpigie. Usimuulize kama hajambo, maana atasema hajambo. Muulize amelala wapi.

Zege limeanza kupoa. Ngoja nikajaribu usingizi.